Kitovu cha Duara la Pembetatu: Kutoka Bikari hadi Mlinganyo

Kila pembetatu ina duara moja tu linalopita kwenye vipeo vyake vyote vitatu. Yapata mwaka 300 K.K., Euclid wa Aleksandria alionyesha katika kitabu cha 4 cha Stoicheia namna ya kulichora kwa rula na bikari: upande mmoja hugawanywa nusu kwa nusu, mstari wa pembemraba ukasimamishwa hapo, na upande wa pili ukafanyiwa vivyo hivyo. Mistari hiyo inapokutana ndipo penye kitovu. Pembe zote zikiwa kali, kitovu huangukia ndani ya pembetatu. Moja ikiwa pembemraba, hukaa juu ya upande. Ikiwa butu, hutoka nje. Katika kazi yote hiyo hakuna namba hata moja.

Namba ziliingia karne ya 17, kwa Wafaransa wawili walioeleza nukta kwa namba na mistari kwa milinganyo. René Descartes alichapisha La Géométrie mwaka 1637 huko Leiden, Uholanzi. Andiko la Pierre de Fermat kuhusu jambo hilohilo lilichapwa mwaka 1679, yeye akiwa ameshafariki. Mihimili miwili inayokutana kwa pembemraba, kama ichorwavyo ubaoni leo, haikuwa kawaida yao: Descartes aliweza kutumia mistari iliyoinama apendavyo.

Kwa njia hiyo, kitovu ni nukta (x, y) iliyo umbali sawa na vipeo vyote. Chukua vipeo (0, 0), (6, 0) na (2, 4). Mlinganyo x² + y² = (x − 6)² + y² unatoa x = 3. Ukilinganisha kipeo cha kwanza na cha tatu, x² na y² zinafutana, na uzuri wa njia uko hapo; kinachobaki ni x + 2y = 5, hivyo y = 1. Kitovu ni (3, 1), na nusukipenyo ni √10.

Leonhard Euler alikwenda mbali zaidi katika makala iliyotoka mwaka 1767. Kwa hesabu tupu aligundua jambo lisilokuwemo katika kitabu cha Euclid: kitovu hicho, kitovu cha uzito na makutano ya vimo hukaa kwenye mstari mmoja. Katika mfano huu ni (3, 1), (8/3, 4/3) na (2, 2), na umbali wa pili ni maradufu ya wa kwanza.