Nani Raia, na Ana Haki Gani?

Katika miaka yangu ya kufundisha Historia chuo cha ualimu, niliona wanachuo wakipenda kuusimulia uhuru wa Tanganyika kama sherehe: bendera kupandishwa na mwenge kuwashwa juu ya Kilimanjaro. Mimi niliwarudisha nyuma majuma machache, hadi Oktoba 18, 1961, Bunge lilipojadili muswada wa uraia.

Swali lilikuwa hili: nchi ikishajitawala, raia wake ni nani? Wapo wabunge waliotaka rangi iwe kipimo. Ndugu msomaji, tusiwabeze. Biashara, mashamba makubwa na vyeo vya juu vilikuwa zaidi mikononi mwa Waasia na Wazungu. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ingawa Waafrika ndio waliokuwa wengi kupita kiasi. Kura hiyo ya mseto ndiyo iliyomfanya Zuberi Mtemvu ajitoe TANU. Uchungu wao ulikuwa wa kweli.

Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliwajibu kwa ukali. Aliwakumbusha kwamba kuitukuza rangi ndiyo kazi ya akina Hitler. Kisha akawaachia wabunge wapige kura kwa hiari yao, akisema kuwa wengi wakiukataa msimamo wa serikali, serikali itajiuzulu. Muswada ukapita.

Hapo ndipo wanachuo walipotaka kufunga daftari. Lakini liko swali la pili: huyo raia ana haki gani? Katiba ya uhuru haikuwa na hati ya haki za binadamu. Viongozi waliona ingeifunga mikono serikali changa yenye kazi kubwa ya kuleta maendeleo. Mwaka 1962 ikatungwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Haki za raia ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia mwaka 1988.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mwaka 1961 tuliweka mlango mzuri, usiombagua mtu kwa rangi yake, nasi tuna haki ya kujivunia. Ila aliyeingia alikaa miaka 23 kabla haki zake hazijaandikwa. Mwalimu wa Historia afundishe yote mawili.