Kamba Iko Wapi? Mtepe Mdogo wa Mwatate

Meli yangu ya kwanza ilizama kwenye karai. Nilikuwa na miaka 12, tulikuwa nyumbani Mwatate, na karai lenyewe lilikuwa la mama la kufulia. Nilikuwa nimeijenga kwa wiki 2 nzima kwa mbao za kreti ya nyanya, nikifuata picha ya meli ya Wazungu niliyoikata kwenye gazeti: kwanza mkuku, yaani uti wa chini, halafu mbavu, halafu mbao zinapigiliwa juu ya mbavu kwa misumari. Shida ni kwamba ubao mwembamba na msumari havipatani. Kila nikigonga, ubao unapasuka. Nikaziba nyufa kwa gundi na nta ya mshumaa, nikapaka rangi ya bluu, nikaiweka majini mbele ya binamu zangu wote. Ikakaa kidogo, ikalala ubavu, ikaenda chini. Walinicheka mpaka Krismasi.

Babu hakucheka. Alikuwa amekata mkonge kwa miaka mingi, viganja vyake vigumu kama soli ya kiatu. Aliiokota ile meli, akaimwaga maji, akauliza: "Sasa mjukuu wangu, kamba iko wapi?"

Nikamwambia hii ni meli, babu, si mbuzi. Kamba ya nini?

Akaniambia mkonge aliokuwa anakata ulishuka Mombasa, na kule ukapanda meli. Meli isiyojua kamba, yeye hakuwahi kuisikia.

Nilidhani ni mambo ya wazee tu. Miaka ilipita kabla sijajua kwamba pwani yetu ilikuwa na chombo ambacho kamba haikuwa ya kufungia tanga peke yake. Kamba ndiyo iliyoshika chombo kizima. Kiliitwa mtepe.

Mtepe ulikuwa chombo cha visiwa vya Lamu, na Wabajuni ndio waliojulikana zaidi kwa kuujenga. Mbao zake hazikupigiliwa misumari ya chuma. Zilitobolewa matundu pembeni, zikashonwa pamoja kwa kamba ya makumbi ya nazi, kama mtu anavyoshona mdomo wa gunia. Vijiti vya mti vilisaidia kuzishika zisiteleze. Tanga lake halikuwa kitambaa, lilikuwa mkeka wa mraba. Sehemu ya mbele ilinyanyuka kama shingo, ndiyo maana watu waliufananisha na ngamia, na wapo wanaosimulia kwamba ni ngamia wa Mtume mwenyewe.

Na huu ushonaji si wa jana. Katika karne ya 1, mtu mmoja aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa biashara ya Bahari ya Hindi. Ndani yake anataja soko la pwani yetu lililoitwa Rhapta, na anasema jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa. Vasco da Gama na watu wake walipofika Msumbiji mwaka 1498, nao waliandika kitu kilekile: vyombo visivyo na misumari, vimefungwa kwa kamba, matanga ya mikeka. Kati ya maandishi hayo mawili kuna zaidi ya miaka 1,300. Fikiria fundi akimfundisha kijana, kijana naye akizeeka na kumfundisha mwingine, bila mnyororo kukatika muda wote huo.

Halafu ukakatika. Majahazi ya misumari na matanga ya kitambaa yalichukua kazi, na kufikia miaka ya 1930 mtepe ulikuwa karibu umetoweka baharini. James Hornell, Mwingereza aliyechunguza vyombo vya mataifa mengi, alichapisha makala kuhusu mtepe na dau la Lamu mwaka 1941. Wakati huo alikuwa anaandika kuhusu kitu ambacho msomaji wake asingeweza tena kwenda kukiona kikielea.

Kilichobaki ni nini? Maandishi, picha chache, na mifano. Namaanisha mitepe midogo ya mbao, ya kuweka juu ya meza. Mmoja uko kwenye jumba la makumbusho la Lamu. Nilipouona nilikuwa tayari mtu mzima mwenye kazi na madeni, lakini nilisimama pale mpaka wenzangu wakaniacha. Nilikuwa natafuta msumari. Hakuna. Nikasikia sauti ya babu kabisa: kamba iko wapi? Kamba ilikuwa kila mahali.

Hapa ndipo historia inapogeuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Zanzibar walijenga upya mtepe wa ukubwa kamili, wakauweka ndani ya Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883. Hawakuwa na mtepe hai wa kwenda kupima. Walilazimika kurudi kwenye maandishi, picha na mifano. Kwa kawaida mtoto huona meli kubwa, akaenda kutengeneza ndogo. Safari hii mafundi waliangalia ndogo ili waweze kujenga kubwa. Mtu aliyekaa siku nyingi akishona kile kijichombo, pengine watu wakimwona anacheza, ndiye aliyetuwekea siri ya chombo.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka. Nilipoona picha kwenye simu nilijiuliza: kama ujuzi umewekwa nyumba moja tu, nyumba ikianguka tunafanyaje?

Najua swali lako. Wewe mtu wa Taita, bahari inakuhusu nini? Hata shuleni tulisoma historia ya pwani kama ya jirani, na Mwatate iko zaidi ya kilomita 150 kutoka Mombasa. Lakini hebu angalia vizuri. Misafara ya biashara ilipita Taita ikielekea Kilimanjaro kabla mmisionari Johannes Rebmann hajapita njia hizo mwaka 1848, na nguo na shanga ilizobeba zilikuwa zimeshuka kutoka vyomboni. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walivuta reli kutoka Voi kuelekea Taveta, ikapita Mwatate, na vyuma vyake vilikuja kwa meli. Hata mkonge wenyewe ni msafiri. Asili yake ni Meksiko, na jina la sisal ni la bandari ya huko Yucatán. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai Tanganyika ni 62. Mkonge ukaenea Afrika Mashariki, mpaka ukafunika mabonde ya kwetu na kumpa babu kazi. Kwa hiyo ile kamba aliyoniuliza ilikuja kwa bahari, ikaota bara, ikarudi baharini.

Desemba iliyopita nilienda nyumbani nikiwa na mpango. Mpwa wangu ana miaka 11, likizo ilikuwa imemchosha, na simu ya mama yake ilikuwa imeisha bando. Nikamwambia tujenge mtepe. Akauliza, "Mjomba, huo ni mtego?"

Kama nawe unaanza, sikiliza tulichojifunza kwa kukosea. Moja, anza na ganda, si mbavu. Vyombo vya kushonwa hujengwa hivyo: mkuku, halafu mbao za ubavuni zinashonwa moja juu ya nyingine, na mataruma, yaani mbavu, huingia baadaye kulifuata umbo. Mimi utotoni nilifanya kinyume. Mbili, loweka mbao usiku kucha ndipo uzipinde, tena polepole. Tatu, usitoboe tundu karibu sana na ukingo. Uzi ukikazwa utapasua ubao kama msumari tu. Acha kama nusu sentimita. Nne, kaza mishono yote kidogo kidogo, ukizunguka. Ukikaza mmoja mpaka mwisho, chombo kitapinda.

Mbao zilikuwa za kreti, kama zamani. Mlingoti tulichonga kwenye bua la mkonge, tanga tukakata kwenye mkeka uliochakaa. Kilichotushinda ni uzi. Nilikuwa nimenunua wa dukani, wa nailoni, unateleza na fundo halishiki. Mkonge tulikuwa nao, lakini nilipojaribu kusokota nyuzi zikafumuka mkononi. Babu alinionyesha mara nyingi, na mara nyingi nilikuwa naangalia kwingine. Sasa yuko kaburini, kule nyuma ya migomba. Nilikaa pale na lile fungu la nyuzi nikiona aibu. Nilikuwa nimewasikitikia Wabajuni kwa kupoteza mtepe, kumbe kwetu nyumbani tumepoteza kamba.

Mama alikuwa anachambua mboga. Alituangalia kwa muda, akafuta mikono kwenye leso, akakaa chini. Akapandisha sketi juu ya goti, akalaza mafungu mawili ya nyuzi pajani, akayasukuma kwa kiganja, kisha akayarudisha yakijisokota pamoja. Kamba ikatoka, nyembamba, sawasawa. "Nani alikufundisha?" nikauliza. "Baba yako mdogo alifundishwa, mimi nilikuwa naangalia tu," akasema.

Mpwa wangu alijaribu. Paja likawa jekundu. Siku ya pili kamba yake ilikuwa inashika.

Mtepe wetu una urefu wa sentimita 40 na umepinda kidogo kushoto. Tulijaza matundu kwa pamba, tukapaka mafuta, tukaushusha kwenye karai. Uliingiza maji, ndiyo. Mitepe ya kweli nayo ilivuja, na mabaharia walichota maji safarini. Mpwa wangu akachota kwa kifuniko cha soda, na mtepe ukaendelea kuelea.

Kabla sijapanda matatu kurudi Nairobi nilimkuta na kalamu, ameugeuza chini juu. Alikuwa anaandika majina kwenye mbao: mkuku, taruma, mlingoti, tanga. Karibu na mshono wa kwanza, ule mbaya kuliko yote, aliandika jina la bibi yake.