Chifu wa Waxhosa akifika Cape Town, anapokelewa na nani?

Vijana wenzetu, wengi wetu tuna ndugu waliofika hadi Cape Town. Ukiwapigia simu watakuambia majirani zao wanaongea Kixhosa, na kwamba Kixhosa ni moja ya lugha tatu rasmi za jimbo lile. Basi mtu anaweza kudhani machifu wa Waxhosa walikuwa na kiti chao mjini tangu zamani. Siyo hivyo kabisa.

Machifu wa kwanza kujulikana pale walipelekwa kama wafungwa. Robben Island unaiona ukisimama ufukweni mwa mji, na huko ndiko Waingereza walikowafungia. Maqoma, mwana wa Ngqika, alikuwa amewasumbua vitani miaka mingi. Halafu ikaja balaa ya 1856 na 1857. Binti mmoja, Nongqawuse, alitabiri kwamba watu wakichinja ng'ombe wao wote, mababu watafufuka na wazungu wataondoka. Wakachinja. Watu wapatao 40,000 wakafa njaa, na maelfu wengine wakaingia koloni kutafuta kazi kwa wazungu walewale. Gavana George Grey akaona nafasi yake, akawakamata machifu. Yaani chifu na watu wake walihama wakati mmoja: yeye gerezani, wao vibaruani.

Maqoma aliachiliwa 1869, akajaribu kurudi kwenye ardhi yake, akarudishwa kisiwani 1871. Safari hii hakuwa na mkewe wala mwenzake yeyote. Alifariki huko 1873, mzee, peke yake.

Mji wenyewe uliwataka Waxhosa kwa mikono yao tu. Tauni ilipoingia mwaka 1901, Waafrika walitolewa mjini na kupelekwa Ndabeni. Mwaka 1927 ukafunguliwa mtaa wa Langa, uliopewa jina la Langalibalele, mfalme wa amaHlubi, naye alifungwa kisiwani. Fikiria: mfalme mfungwa anapewa mtaa wa vibarua! Baadaye sheria za pasi zikasema Mwafrika asiye na ruhusa asikae mjini zaidi ya saa 72. Sisi tunaopanga foleni ya kibali cha kutoka kambini hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Na hapa lazima tuseme ukweli hata kama unauma. Serikali ya makaburu haikuwafuta machifu, iliwatumia. Sheria ya 1951 iliwafanya wengi kuwa watumishi wake wa mshahara, kila mmoja na eneo lake kijijini, ili Mxhosa wa mjini aambiwe: kwenu ni kule kwa chifu wako, hapa wewe mgeni. Hata mifupa ya Maqoma, iliyofukuliwa kisiwani mwaka 1978, ilizikwa upya kwa sherehe za wakubwa wa Ciskei, waliokuwa wakipokea amri Pretoria. Ndiyo maana kijana wa mjini akisikia "chifu" anaweza kununa. Hatumlaumu.

Katiba ya 1996 inatambua uongozi wa jadi. Lakini mjini chifu hana ardhi ya kugawa. Wanaomfuata wanamfuata kwa hiari, kwa mambo ya misiba, ugomvi wa ukoo, vijana wanaokwenda jandoni. Sisi tunaona hiyo ni heshima safi zaidi kuliko ile ya mshahara. Wapo kwetu watu waliomkimbia adui pamoja na mwami wao. Kilima kilibaki, lakini msibani bado anapewa kiti cha mbele.

Tena Waxhosa wenyewe si wa kwanza pale. Wakhoikhoi waliwatangulia, nao ndio waliomuua Francisco de Almeida ufukweni mwaka 1510, yule Mreno aliyepora Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Kwa hiyo chifu anayekaribishwa Cape Town anaingia nyumba yenye wenyeji wengi: Wakhoikhoi, Waislamu wa Bo-Kaap ambao mababu zao waliletwa utumwani, na siku hizi Wasomali na Wakongomani wenye maduka mtaani.

Mei 2008 wageni walishambuliwa nchini kote, Cape Town pia, na watu zaidi ya 60 waliuawa. Ndugu zetu walilala kwenye mahema, mara ya pili maishani. Chifu akipewa kiti mjini, swali letu kwake ni moja: usiku wa namna ile ukirudi, atasimama kwenye mlango wa nani?