Binamu wa Tris

Mto Mirongo hukatiza katikati ya jiji la Mwanza na kumwaga maji yake Ziwa Victoria, tunakovua sato na dagaa. Ninaposoma historia ya kemikali za kuzuia moto, zile zinazotiwa kwenye sponji za makochi na maganda ya runinga, naisoma nikiwa huku, mahali vitu vinapomalizia safari yake.

Ni historia ya mbadala kurithi mbadala. Mwaka 1977 Arlene Blum na Bruce Ames walitoa onyo nchini Marekani kuhusu tris yenye bromini, iliyotiwa kwenye nguo za kulalia za watoto. Kipimo cha Ames, kinachotumia bakteria, kilionyesha kwamba inabadili vinasaba. Mwaka huohuo ikapigwa marufuku kwenye nguo hizo. Binamu yake mwenye klorini, TDCPP, akashika nafasi, naye akaondolewa baada ya muda mfupi. Kwenye sponji ilitawala pentaBDE. Marekani ilipoacha kuitengeneza mwishoni mwa 2004, binamu akarudi, safari hii ndani ya makochi.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walimjaribu kwenye seli za PC12, zilizotokana na uvimbe wa panya, ambazo hukua zikafanana na seli za neva. TDCPP ilizivuruga sawa na klopirifosi, dawa ya kuua wadudu, au hata zaidi. Wakati huo makochi yalikuwa yameshakaliwa kwa miaka.

Kinachoniuma ni mpangilio huo: kuuza kwanza, kupima baadaye. Seli kwenye kisahani haina ini, wala haili samaki. Haiwezi kutueleza yatakayompata mama wa Igombe baada ya miaka 20. Lakini inaweza kusema "ngoja" mapema, kwa gharama ndogo, kabla mzigo haujapakiwa melini.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, na pentaBDE iliingizwa kwenye orodha yake mwaka 2009. Hata hivyo, runinga ya mtumba huishi kuliko sheria iliyoikuta. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulitafuta kemikali hizi zenye bromini ndani ya sato wa maziwa ya Victoria, Tanganyika, Nyasa na Babati, na ukazikuta kwenye samaki.

Kwa hiyo nikisikia mbadala mpya anasifiwa kuwa salama, naulizia kwanza ukoo wake, kisha nauliza amepimwa kwenye seli zipi, na lini.