Mpira ukigonga hapa unaenda wapi? Historia fupi ya kinga za miguu za kipa wa magongo

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Wachezaji wengi wa mpira wa magongo husema "pedi". Nililitamka neno hilo nyumbani Hanga mbele ya shangazi yangu, nikasema pedi zangu zimechanika natafuta fundi. Shangazi aliniangalia kwa muda, kisha akaniuliza hizo pedi ni za nani. Kwa hiyo humu tutasema kinga za miguu, basi.

Ilikuwa likizo ya Disemba. Mimi ni kipa wa magongo tangu mwaka wa kwanza chuoni, si kwa kipaji, bali kwa sababu siku ile hakuna mwingine aliyekubali kukaa golini. Kinga zangu zilishavaliwa na makipa wengine kabla yangu. Ya kushoto ilikuwa imekwisha ndani: sponji yote imelala, mpira ukigonga nausikia kwenye ugoko kama nimepigwa rungu. Kununua mpya kutoka nje ni mishahara ya miezi kadhaa ya mtu kama mimi. Nikazitia kwenye kiroba, nikapanda basi hadi Songea, kisha nikaendelea hadi nyumbani.

Hanga si mahali pabaya kwa mtu mwenye kitu kilichoharibika. Monasteri ya Wabenedikto ilianzishwa pale mwaka 1957, ikawa abasia mwaka 1971, na pembeni ya abasia za Wabenedikto huku Ruvuma, kuanzia Peramiho, karakana hazikosekani. Fundi viatu niliyemwendea alijifunza ngozi ujanani na sasa ni mzee. Nikamwamkia, nikatoa mzigo.

"Marahaba, mwanangu. Hili nalo ni koti la ng'ombe?"

Nikamweleza. Akaigeuza, akaibonyeza kwa dole gumba, akaiweka sakafuni. Halafu akauliza swali ambalo kwa miaka yote ya kucheza sikuwahi kujiuliza vizuri: "Mpira ukigonga hapa, unaenda wapi?"

Niliporudi chuoni nikaanza kusoma historia ya vifaa hivi, nikakuta kumbe swali hilo lilishaulizwa na fundi mwingine wa ngozi, karibu miaka mia moja kabla yake, huko Kanada.

Turudi nyuma kidogo. Makipa wa kwanza hawakuwa na kinga za kwao, waliazima za kriketi. Kinga ya kriketi ya zamani ilikuwa turubai lililoshonewa fito za henzerani, na ndani yake sufi au nywele za wanyama. Februari 1896, kwenye mechi ya Kombe la Stanley, kipa wa Winnipeg aliyeitwa Whitey Merritt aliingia kwenye barafu akiwa amezivaa. Timu yake ikashinda 2–0, na wengine wakaiga. Kwenye magongo ya uwanja wa nyasi hali ilikuwa hiyo hiyo: kinga za mtindo wa kriketi, na juu ya viatu kipande cha ngozi nene cha kupigia mpira teke.

Tatizo ni kwamba kinga ya kriketi ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayelinda mguu wake. Kipa analinda goli, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Kinga ya kriketi imezunguka mguu, ina tumbo la mviringo. Chukua punje za mahindi uzirushe kwenye kitako cha sinia lililosimamishwa: zote zinarudi kwa mpangilio unaoweza kuukisia. Sasa zirushe kwenye ubavu wa sufuria. Kila punje inaondoka na njia yake, kwa sababu kila sehemu ya duara inatazama upande wake. Ndivyo mpira ulivyokuwa ukigonga mguu wa kipa na kuteleza kuingia golini.

Aliyeliona hilo ni Emil Kenesky wa mji wa Hamilton, Ontario, waliyemwita "Pop". Hakuwa mwanasayansi wala mchezaji maarufu. Alikuwa fundi wa hatamu na matandiko ya farasi, kazi ambayo magari yalikuwa yanaimaliza. Mwaka 1924 hivi alianza kwa kurekebisha kinga kuukuu za kriketi. Alizipanua hadi inchi 12, karibu sentimita 30, akaufanya uso wa mbele uwe bapa zaidi, akazivika ngozi na kuzijaza sufi. Kipa wa timu ya mji wake, Jake Forbes, alikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo. Kwa miongo kadhaa makipa wa ligi kuu ya Amerika Kaskazini walivaa kazi ya karakana ile moja. Zilisaidia mno, kiasi kwamba mwaka 1927 ligi ikaingilia kati na kupunguza upana hadi inchi 10.

Hapo kwenye sufi naomba nisimame kidogo, maana hiyo ni ya kwetu. Msufi unaujua: ule mti mrefu wa pwani, matunda yake yakipasuka nyuzi zinapepea barabarani kama manyoya. Wajerumani waliupanda kwenye mashamba yao enzi za ukoloni na sufi ilisafirishwa nje, ingawa soko la dunia lilishikwa na Java. Bibi zetu waliijazia mito. Uzi wa sufi una uwazi ndani kama mrija, sehemu kubwa ya ujazo wake ni hewa, na kwa nje una nta. Ndiyo maana ilijazwa kwenye maboya ya kuokolea watu baharini. Kwa kipa ilikuwa nyepesi, na ilikuwa na tabia moja ya ajabu: iliua mpira. Mpira uligonga, ukadondoka miguuni, kipa akaupiga teke.

Ubaya wake ni kwamba nyuzi hukatika na kujikusanya mabonge, na ngozi iliyoifunika hunywa maji. Kinga iliyokuwa nyepesi mwanzo wa mechi ilikuwa mzigo mwisho wa mechi.

Kwetu Afrika Mashariki mchezo huu uliletwa na Waingereza, lakini waliouinua ni Wahindi, Masingasinga na Wagoa. Klabu ya Sikh Union ya Nairobi ilitoa wachezaji wa Olimpiki, na mwaka 1971 Kenya, chini ya nahodha Avtar Singh Sohal, ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona. Tanzania ilipata nafasi yake Moscow mwaka 1980, wakati nchi nyingi zilipogoma. Tulikuwa timu sita tukamaliza wa sita, na India ilitufunga 18–0. Watu wakiutaja mchezo ule hucheka. Mimi humfikiria kipa wetu. Tangu Montreal mwaka 1976, magongo ya Olimpiki yalikuwa yamehamia kwenye nyasi bandia, ambako mpira haudundi ovyo wala haupunguzi mwendo kama kwenye nyasi zetu za kawaida.

Tupige hesabu. Mpira wa magongo una gramu 156 hadi 163. Ukiwa na mwendo wa kilomita 108 kwa saa, ambao kwa wapigaji wakubwa ni kitu cha kawaida, unabeba nishati ya takribani jouli 72. Ni sawa na jiwe la kilo moja kudondoka kutoka mita saba. Kinga ikiusimamisha ndani ya sentimita mbili, mguu unapokea kani ya wastani ya nyutoni 3,600, kama magunia matatu na nusu ya mahindi kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho. Kinga ikiwa imelala na kubakiza nusu sentimita, kani inakuwa mara nne. Hapo ndipo ugoko wangu wa kushoto ulipokuwa umefika.

Kuanzia miaka ya 1980 sufi na nywele zilipisha povu gumu la plastiki. Ndani yake vipovu vimefungwa, hewa haitoki, kwa hiyo kinga hainywi maji na inausukuma mpira urudi mbali. Hii ilibadilisha hata ufundi wa kukaa golini. Kipa wa sufi aliua mpira kwanza, kipa wa leo anautega mguu ili mpira uondoke wenyewe pembeni. Wazee husema ufundi wa teke umepotea, na nadhani wana hoja.

Fundi wa Hanga alianza na sponji ya godoro, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo. Tukaiweka juu ya sakafu, tukaachia mpira kutoka usawa wa bega. Tukasikia *ko!* la saruji. Vipovu vya sponji ya godoro viko wazi: hewa inatoka, mpira unafika chini. Akatikisa kichwa, akaleta soli za ndala kuukuu. Zile zina vipovu vilivyofungwa. Akazigandisha tabaka tatu kwa gundi ya viatu, akipishanisha maungio. Mara hii mlio ukawa mzito na mfupi, na mpira ukaruka vizuri. Akazipasua kinga, akaingiza, akashona kwa uzi wa nta. Mikanda iliyokatika akaibadilisha kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, unaovutika wakati wa kuchuchumaa.

Kisha, bila kuniuliza, akaongeza ukingo bapa upande wa nje wa kila kinga. "Sasa mpira hautelezi," akasema. Alikuwa sahihi kabisa. Nikazivaa, nikachukua futi kamba, nikapima: sentimita 32. Kanuni za shirikisho la kimataifa zinaruhusu milimita 300, basi. Nikamweleza, naye akaona ni uonevu.

"Nani kasema?"

"Ndiyo sheria, mzee."

Akachukua kisu, akakata sentimita mbili zilizozidi kwa shingo upande. Vipande vile hakuvitupa. Nilipopita kesho yake kumuaga, kimoja kilikuwa tayari kimekuwa kisigino cha kiatu cha mwanafunzi.