Akufukuzaye Hakwambii Toka: Historia ya Kukatizwa kwa Vipindi vya Televisheni Nchini Marekani

Wahenga walinena kwamba akufukuzaye hakwambii toka. Methali hii, ambayo aghalabu hutumiwa juu ya mgeni aliyekawia kwa mwenyeji wake, yaeleza barabara namna mashirika makubwa ya televisheni ya Marekani yalivyozoea kuviondoa vipindi vyao. Ni nadra shirika kutamka wazi kwamba limekichoka kipindi fulani. Kwanza hukihamisha saa. Kisha hukipunguzia fedha. Kisha hukiweka usiku ambao watazamaji wake hawako nyumbani. Kinapokufa, husemwa kwamba watazamaji wenyewe ndio waliokiacha. Makala haya yanakusudia kuitazama historia hiyo kwa ufupi na kuuliza swali moja: ni nani hasa mwenye mamlaka juu ya mwisho wa hadithi?

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, hatuna budi kuyapambanua maneno matatu ambayo hutumiwa ovyo. Kuhitimisha hadithi ni kuifikisha kwenye mwisho ulioandaliwa. Kuisitisha ni kuisimamisha kwa muda, kwa nia ya kuirudia. Kuikatiza ni kuikomesha kabla haijatimia. Katika masimulizi yetu ya jadi, mtambaji wa ngano anayo maneno maalumu ya kufungulia na anayo mengine ya kufungia. Hadhira huyasikia yale ya mwisho ikajua kwamba ahadi aliyoiweka mwanzoni imetimizwa. Mashirika ya televisheni yamekuwa hodari wa kufungua. Katika kufunga, yamezoea kukatiza huku yakidai kwamba yanasitisha au yanahitimisha.

Kwa watazamaji wa Kenya, ambao hadi mwaka 1990 walikuwa na kituo kimoja tu, nacho cha Serikali, yafaa ielezwe kwamba televisheni ya Marekani ilikua tangu awali kama biashara ya ushindani. Kwa miongo kadhaa uwanja ulitawaliwa na mashirika matatu: NBC, CBS na ABC. Mtazamaji hakulipa chochote. Mlipaji alikuwa kampuni yenye bidhaa ya kutangaza, na katika miaka ya 1950 kampuni moja iliweza kukidhamini kipindi kizima, hata ikawa na sauti juu ya yaliyosemwa ndani yake. Mdhamini akijitoa, kipindi kilikuwa hatarini hata kama nyumba nyingi zilikipenda.

Mfano ulio wazi ni wa mwimbaji Nat King Cole. Mwezi Novemba 1956 alipewa kipindi chake na NBC, akawa miongoni mwa Wamarekani Weusi wa kwanza kuongoza kipindi cha taifa zima. Wasanii mashuhuri, miongoni mwao Ella Fitzgerald na Harry Belafonte, walikuja kumuunga mkono. Lakini hapakupatikana mdhamini wa taifa. Makampuni yaliogopa kwamba wateja Weupe wa majimbo ya Kusini wangezisusia bidhaa zao. NBC, kwa haki yake, ilikibeba kipindi kwa gharama zake yenyewe kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Shirika lilipopendekeza kukihamisha saa, Cole alikataa, akaamua kukifunga mwenyewe. Matangazo ya mwisho yalikuwa tarehe 17 Desemba 1957. Naye hakuficha kwamba lawama aliitupa juu ya wenye matangazo ya biashara. Hapa pana funzo la kwanza: kipindi kinaweza kufa bila ya mtu yeyote kukiua. Ilitosha kila mwenye fedha anyamaze.

Mwishoni mwa mwongo huo kashfa za mashindano ya maswali na majibu, ambayo yaligunduliwa kuwa yamepangwa kwa hila, ziliyapa mashirika sababu ya kujitwalia madaraka zaidi juu ya ratiba. Mdhamini mmoja alianza kutoweka, na nafasi yake ikachukuliwa na makampuni mengi yaliyonunua dakika chache kila moja. Sasa hesabu ya watazamaji ndiyo iliyokuwa mzani. Kampuni ya Nielsen, iliyoanza kuwapima watazamaji wa televisheni mwaka 1950, ilitegesha vyombo vyake katika nyumba zilizoteuliwa, ambazo katika miaka ya 1960 hazikuzidi sana 1,200, na kutokana na nyumba hizo ikakadiria taifa zima lilitazama nini. Asiyekuwa na chombo hicho nyumbani kwake hakuwa na kura.

Watazamaji wa Star Trek walijaribu kupata kura hiyo kwa njia nyingine. Kipindi hiki kilianza NBC tarehe 8 Septemba 1966, na uvumi wa kuondolewa kwake ulipoenea, mashabiki wakiongozwa na Bjo Trimble na mumewe walilimiminia shirika maelfu ya barua. Mwezi Machi 1968 NBC ilifanya jambo lisilo la kawaida: ilitangaza hewani kwamba kipindi kitaendelea. Mashabiki walishangilia. Ndipo methali yetu ikatimia. Kipindi kiliwekwa Ijumaa saa nne usiku, wakati ambapo vijana waliokipenda walikuwa wametoka kwenda matembezini, na fedha zake zikapunguzwa. Sehemu ya mwisho ilionyeshwa tarehe 3 Juni 1969. Barua hazikupuuzwa, zilijibiwa kwa adabu, na mwenye kipindi akaonyeshwa mlango kwa adabu vile vile. Hapo baadaye sehemu zake 79 ziliuzwa kwa vituo vidogo vya mikoani, na huko ndiko zilikopata umma ambao NBC haikuuona.

Mtu angeweza kudhani kwamba kipindi chenye watazamaji wengi kilikuwa salama. Mambo yaliyotokea CBS mwaka 1971 yanaivunja dhana hiyo. Shirika hilo lilikuwa na vipindi vya vichekesho na muziki vilivyohusu maisha ya mashambani: The Beverly Hillbillies, Green Acres, Mayberry R.F.D., Hee Haw. Baadhi yake vilikuwa bado miongoni mwa vipindi ishirini vilivyotazamwa zaidi. Hata hivyo viliondolewa vyote chini ya Robert Wood, rais wa shirika, na Fred Silverman, mkuu wake wa vipindi. Sababu ni kwamba wanunuzi wa matangazo walikuwa wameanza kuuliza ni kina nani wanaotazama, wala si ni wangapi tu. Waliwataka vijana wa mijini wenye mishahara. Mzee wa shamba hata angekaa mbele ya televisheni kila usiku, macho yake yalihesabiwa kuwa ya bei rahisi. Mwigizaji Pat Buttram wa Green Acres alisema kwa kejeli kwamba CBS ilikifuta kila kipindi chenye mti ndani yake. Ed Sullivan naye, aliyewakaribisha Wamarekani sebuleni mwao tangu mwaka 1948, aliondoka mwaka huo huo bila ya kipindi cha kuagana.

Haki yadai tuseme pia kwamba vipindi vilivyoshika nafasi hizo havikuwa duni. All in the Family na M*A*S*H vilizungumzia ubaguzi na vita kwa ujasiri ambao vichekesho vya awali havikuwa nao. Shirika haliwezi kubeba kila kitu milele. Saa za jioni ni chache na kila jipya lahitaji nafasi. Kwa hiyo hoja yetu haihusu kuondolewa kwenyewe, bali namna ya kuondoa na sababu inayotolewa. Ndugu wawili Smothers, waliokuwa wakiikejeli Serikali na vita vya Vietnam, waliondolewa na CBS mwaka 1969. Sababu iliyotajwa ilikuwa kuchelewa kuukabidhi ukanda wa kipindi. Ndugu hao walikwenda mahakamani wakidai kwamba mkataba wao umevunjwa, na mwaka 1973 wakashinda.

Je, mashirika hayakujua thamani ya mwisho mwema? Yalijua, ila yalijua kwa kupitia pochi. Tarehe 29 Agosti 1967, ABC iliihitimisha The Fugitive, hadithi ya daktari aliyesingiziwa kumuua mkewe, kwa kumfichua muuaji wa kweli. Taifa lilikaa kutazama, na rekodi ya watazamaji ikavunjwa. Tarehe 28 Februari 1983, sehemu ya mwisho ya M*A*S*H ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 100. Tangu hapo kuhitimisha kukawa heshima apewayo tajiri: kipindi kilichofanikiwa huandaliwa maziko, na kilichoshindwa hutupwa usiku.

Zama za intaneti zilitarajiwa kuuondoa udhia huu, maadamu sasa mtazamaji analipa mwenyewe na hakuna saa ya usiku ya kumhamishia mtu. Lakini Netflix kwa miaka mingi haikuzitoa hadharani hesabu zake, hata ikawa vigumu kuhoji uamuzi wowote. Mwezi Juni 2017 ilikikatiza Sense8, kipindi ambacho sehemu yake ilipigwa picha jijini Nairobi na ambacho mmoja wa wahusika wake wakuu ni dereva wa matatu. Hadithi iliachwa njia panda. Baada ya malalamiko ya mashabiki kutoka nchi nyingi, sehemu moja ndefu ya kuhitimisha ilitolewa Juni 2018. Mwaka 2022 HBO ilikwenda mbali zaidi: baada ya kuikatiza Westworld, iliiondoa hata katika maktaba yake ya intaneti. Zamani kipindi kilikatizwa lakini yaliyokwisha kuonyeshwa yaliweza kurudiwa. Sasa hata kumbukumbu inaweza kutwaliwa.

Tukirejea kwenye swali letu, yaonekana kwamba katika kila zama mwisho wa hadithi uliamuliwa na yule aliyeuza usikivu wa watazamaji au aliyeununua, nao watazamaji waliambiwa kwamba wao ndio walioamua. Ndiyo maana uteuzi wa maneno si jambo dogo kwetu sisi tunaoshughulika na lugha. Gazeti linapoandika kwamba kipindi kimesitishwa ilhali hakuna nia ya kukirejesha, linamsaidia mwenyeji kumfukuza mgeni bila ya kumwambia toka. Neno lake ni kukatiza, na lisemwe hivyo. Mtambaji wa ngano, hata akiwa amechoka na usiku umekuwa mkubwa, huwaambia watoto kwamba hadithi imeishia hapo kabla ya kuuzima moto.