Afya ya kijinsia na neno uzima: historia fupi

Neno zinaa, lenye asili ya Kiarabu, lataja kwanza dhambi. Hata hivyo ndilo lililotumiwa kuyapa jina maradhi kama kaswende na kisonono: magonjwa ya zinaa. Hivyo mgonjwa huhukumiwa kabla ya kutibiwa, na mke aliyeambukizwa na mumewe hubebeshwa jina asilostahili. Kwa muda mrefu afya ya kijinsia ilifikiriwa hivyo: kutokuwa na ugonjwa, na kutokuwa na hatia.

Katika Katanga ya wakati wa ukoloni, ambako Kiswahili kilienea katika kambi za wachimbaji, fikra hiyo iliambatana na haja ya nguvu kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuwakalisha wafanyakazi kambini kwa muda mrefu, pamoja na wake na watoto wao. Akina mama wakazalishwa na waganga wa kampuni, watoto wakapimwa uzito. Huduma hizo ziliokoa maisha. Lakini uzazi ulithaminiwa kwa kuwa ulileta wafanyakazi wa kesho. Hiari na furaha ya mke na mume hazikuwa shabaha yake.

Katiba ya Shirika la Afya Ulimwenguni, iliyotiwa sahihi mwaka 1946 na kuanza kutumika mwaka 1948, ilieleza afya kuwa ni uzima kamili wa mwili, wa akili na wa maisha ya kijamii, wala si kukosa maradhi tu. Mwaka 1975 wataalamu wa Shirika hilo walipanua maana hiyo hadi kwenye ujinsia. Mwaka 1994 mkutano wa Cairo ulitilia mkazo haki ya kila mtu kuamua juu ya uzazi wake bila kulazimishwa.

Nchini Kongo vita viliipa fikra hiyo mtihani mkali. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ilipokea wanawake wengi waliobakwa. Upasuaji uliweza kuziba fistula. Peke yake haukuweza kuondoa hofu, wala kumrudisha mwanamke katika nyumba iliyomkataa. Kwa hiyo tiba iliunganishwa na msaada wa kisaikolojia, wa kisheria na wa kujipatia riziki.

Maana hiyo pana si ngeni katika Kiswahili. Uzima ni kuwa hai, kuwa na afya, na kutovunjika. Na mtu mzima ni yule aliyekomaa, awezaye kujiamulia. Neno zinaa lauliza mtu alikosea nini. Neno uzima lauliza amepungukiwa na nini, na nani atamsaidia kukipata tena.